Vituo vya Kuchajia Betri: Nani Ameulizwa?



Juma hili naomba tutafakari pamoja jambo ambalo wengi wetu tutaliona kuwa bado liko mbali, nalo ni vyombo vya moto vinavyotembea kwa nguvu ya umeme, na hasa mahali vitakapokuwa vinachajiwa. Najua wapo watakaosema kwamba Padre ameishiwa mada. Nawaomba mnivumilie, kwa sababu mambo ya namna hii, yanapoanza kuonekana kwa macho, huwa yameshaamuliwa siku nyingi.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, na tarehe 1 Agosti mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwanzoni mwa mwaka huo huo, baada ya miezi ya mgao ambayo wote tunaikumbuka. Serikali inasema kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimeshafikiwa na umeme, na kwamba kazi iliyobaki ni ya vitongoji. Kwa hiyo hakuna haja ya muujiza ili pikipiki au bajaji ya umeme itembee katika uwanda wetu huu wa kati. Kinachotakiwa ni mahali pa kuchajia. Swali langu ni hili: mahali hapo patakuwa wapi, na ni nani atakayeulizwa kabla ya kuamuliwa?

Mtu akitamka "gari la umeme", wengi huona katika fikra zao gari dogo la bei kubwa, limeegeshwa mbele ya hoteli. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mambo hayakuanzia huko. Kule Kigali kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwabadilishia betri waendesha pikipiki za abiria: betri iliyokwisha hutolewa, iliyojaa huwekwa, na kwa dakika chache mtu anaendelea na safari yake. Nairobi na Kampala zimefuata njia hiyo hiyo, na tangu Januari 2025 Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria jijini Kigali. Basi anayeguswa kwanza na jambo hili ni kijana wa bodaboda, yule anayepaswa kupeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni, abiria wawe walikuwepo au hawakuwepo. Baada yake ni mwenye bajaji, kisha mwenye guta anayebeba magunia sokoni. Hao ndio wanaoingoja Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA inapotangaza bei za mafuta, kwa wasiwasi ule ule ambao mkulima wetu huwa nao mwezi Desemba akitazama mawingu. Nasi wa bara huongezewa gharama ya kuyasafirisha mafuta hayo kutoka bandarini. Mwaka 2022, bei ya petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, ni wao walioumia. Sijasikia tajiri aliyepunguza hesabu kwa ajili hiyo.

Sasa tumfikirie mtaalamu aliyepewa kazi ya kuchora ramani ya vituo vya kuchajia katika Jiji la Dodoma. Simdhanii ubaya hata kidogo. Atatafuta mahali penye transfoma yenye nguvu ya kutosha, penye lami, penye kiwanja chenye hati, na penye mlinzi usiku. Vigezo hivyo vyote ni vya haki. Lakini vikitumika peke yake vitampeleka Mtumba kwenye Mji wa Serikali, vitampeleka kwenye hoteli na maduka makubwa, vitampeleka kando ya barabara kuu ziendazo Morogoro, Iringa na Singida. Havitampeleka Chang'ombe, wala sehemu za ndani za Nkuhungu, wala Ntyuka, wala Hombolo. Matokeo yake mtumishi mwenye mshahara na gari lake atapata nafuu ya umeme, na kijana ambaye sehemu kubwa ya anachokipata huishia kwenye tangi ataendelea kununua petroli, pengine ile inayouzwa kwa chupa kando ya njia.

Hebu tukumbuke simu za mkononi zilivyoingia vijijini kwetu. Umeme haukuwepo. Hakuna mtu aliyetumwa kutoka mjini kuja kuchora ramani ya mahali pa kuchaji simu. Kinyozi alipata paneli ndogo ya sola, mama mwenye duka akanunua betri ya gari, mwenye mashine ya kusaga akatoa waya nje ya dirisha, na simu zikapangwa mezani, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Vibanda vile vilikuwa mahali panapofaa, kwa kuwa aliyechagua mahali alikuwa mmoja wa wapitao hapo. Alijua siku ya mnada watu hutokea upande gani, na akina mama huketi wapi wakingoja mashine. Sitaki kurahisisha mambo: betri ya pikipiki si betri ya simu. Inataka uniti kadhaa za umeme, inataka kinga dhidi ya joto na vumbi letu la kiangazi, na ikitendewa vibaya inaweza kuwaka moto na kuunguza nyumba. Hatuwezi kumwachia kinyozi peke yake. Hata hivyo ule ujuzi wa kinyozi, yaani kujua watu wanapita wapi na saa ngapi, haupo ofisini hata leo, wala hauwezi kupigwa picha kutoka angani.

Na uwanda huu umeshaonja mipango iliyotazamwa kutoka angani. Wazee wa Kongwa wanaijua habari ya karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu, wakazunguka Afrika Mashariki kwa majuma tisa, sehemu kubwa wakisafiri kwa ndege, kisha wakaandika kwamba ekari zaidi ya milioni tatu zaweza kulimwa karanga kwa mitambo. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yalivunjika katika vichaka na mibuyu. Mvua haikuja kwa kalenda ya wageni. Na udongo wa mfinyanzi, mvua zilipokatika, ukawa mgumu kama tofali hata karanga zisichimbike. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya pauni zaidi ya milioni 30 kuteketea, na eneo lililolimwa halikufikia hata sehemu moja ya kumi ya lililokusudiwa. Sasa Mgogo yeyote mwenye ng'ombe wake katika nchi ile angeweza kuwaeleza habari ya mvua na ya udongo ule kwa nusu saa, akiwa ameketi chini ya mbuyu wenyewe. Elimu ya wale mabwana ilikuwa kubwa. Walichokosa ni kumwuliza mtu ambaye jibu lake lingewagharimu kikao kimoja tu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao ni wetu wenyewe. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyozoea kuiita CDA, ikaundwa. Mpango wa mji uliokamilika mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Kanada, ulikuwa na mambo mazuri ambayo leo tungeyaonea fahari: mji ulikusudiwa uwe wa watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa mabasi yenye njia zake, wala si mji wa magari binafsi. Nani angepinga? Lakini viwanja vilivyopimwa kwa utaratibu ule vilikuwa juu ya uwezo wa wengi waliofuata kazi mjini, nao wakajenga walipoweza, na ndivyo mitaa kama Chang'ombe ilivyokua nje ya mchoro. Migogoro ya ardhi kati ya wananchi na mamlaka ile ilidumu miaka mingi, hata Rais John Magufuli alipoivunja mwezi Mei 2017 na kukabidhi kazi zake kwa halmashauri. Leo jiji lina mpango kabambe mwingine, na kwa sensa ya mwaka 2022 lina watu 765,179. Sisemi haya ili kuwasuta waliotangulia. Nasema mchoro mzuri waweza kuwaacha nje watu wale wale uliochorwa kwa ajili yao.

Pengine mtu ataniuliza: huyo mwendesha bodaboda ana nini cha kumwambia mhandisi wa umeme? Anacho, tena kingi, na nitataja kimoja ambacho kinanisumbua kuliko vyote.

Wengi hudhani kwamba maskini hana haja ya kituo, kwa kuwa atachaji nyumbani kwake usiku. Tufanye hesabu. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, mbali na kodi. Mwenye matumizi makubwa zaidi huwekwa kundi la T1, naye hulipa shilingi 292 kwa kila uniti, ya kwanza hadi ya mwisho. Chukua nyumba ya mama mjane anayetumia uniti 40 kwa mwezi: taa, redio, simu, televisheni ndogo. Analipa shilingi 4,000. Sasa mwanawe apate pikipiki ya umeme inayokula uniti tatu kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni uniti 78. Betri peke yake imeshavuka kikomo cha D1. Nyumba ikihamishwa kwenye T1, zile uniti 40 za taa na redio, ambazo hazikubadilika, sasa ni shilingi 11,680. Kijana amepata nafuu ya petroli, na mama yake amepandishiwa bei ya taa karibu mara tatu. Tena hapo nimehesabu nyumba yenye familia moja. Wenye kupanga chumba Chang'ombe wanaishi wapangaji watano au sita kwenye LUKU moja, na kila mmoja wetu anajua ugomvi wa LUKU ulivyo hata kabla ya pikipiki kuingia uani. Atakayeingiza betri ndani ya nyumba ile atahamishwa na mwenye nyumba kabla mwezi haujaisha.

Jambo hili mtu wa ofisini aweza kulipita bila kuliona, kwa kuwa nyumbani kwake iko LUKU yake peke yake. Mama wa Chang'ombe angelisema katika dakika tano za kwanza za mkutano. Na akishalisema, dawa yake hupatikana: kituo cha mtaa chenye mita yake, na chenye bei yake. Wenzetu wa Kenya walitangaza mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na nusu yake saa zile ambazo matumizi ya umeme ni madogo. Jambo hilo linawezekana hapa pia, ikiwa litaombwa na watu wanaojua kwa nini wanaliomba.

Yako na mengine. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au wa Bihawana akishakata vichala vyake hana siku ya kungoja. Makreti hufungwa nyuma ya pikipiki, na zabibu huharibika njiani kwa joto. Kwake yeye kituo chenye kuchaji kwa saa nne hakina maana, na cha kubadilisha betri kina maana kubwa, lakini msimu wa mavuno tu. Mwenye ulemavu anayetumia bajaji yake kama miguu yake atauliza kama kuna ngazi mlangoni na kama betri itanyanyuliwa na nani. Muuguzi wa zahanati atauliza habari ya mama mjamzito saa nane ya usiku, kituo kikiwa kimefungwa. Mama muuza mboga anayepanda bajaji alfajiri kwenda sokoni hana chombo chake, wala hatakuwa nacho, lakini nauli yake itategemea mwenye bajaji amepata umeme wapi na kwa bei gani. Naye ni mhusika. Mfugaji anayekuja mnada wa Msalato atauliza swali ambalo mimi na wewe hatujalifikiri, ndiyo sababu nataka aulizwe.

Ninatambua pingamizi. La kwanza ni kwamba mikutano huchelewesha kazi. Ni kweli, na pengine huchelewesha kwa miezi kadhaa. Mpango wa karanga haukucheleweshwa na mikutano. La pili ni kwamba wananchi wakiulizwa hutaka kila kitu: kituo kila kona, tena bure. Hili halilingani na nilivyowaona watu wetu. Mtu aliyechimba msingi wa zahanati kwa jembe lake anajua vizuri sana gharama ni nini, na akielezwa kwamba fedha zinatosha vituo vinne tu katika kata, atachagua vinne. Asipoelezwa idadi ya fedha, hapo ndipo anapoomba kumi.

Pingamizi la tatu ndilo zito: kwamba tayari wananchi hushirikishwa. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka mamlaka ya upangaji iwasikilize wenye ardhi na wadau, na halmashauri zetu tangu miaka ya 2000 zimekuwa na utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao huanzia mtaani na kijijini. Sawa, na utaratibu wenyewe ni mzuri. Lakini wote tumeona mikutano ile mingine, ambapo mgeni anafika saa tano amechelewa, anaonyesha ramani iliyokwisha kuchapishwa kwa rangi, anasema maneno ambayo nusu yake si Kiswahili, anawauliza watu kama wana swali, kisha karatasi ya mahudhurio inazunguka pamoja na soda. Saini zile baadaye huitwa ushirikishwaji. Mtu aliyeulizwa jambo ambalo limeshaamuliwa hakuulizwa, amearifiwa. Kipimo changu ni chepesi: je, kuna mstari wowote kwenye ramani uliohama baada ya mkutano? Na je, aliyehudhuria alirudishiwa habari kwamba neno lake limekubaliwa, au limekataliwa kwa sababu hii na hii? Nyongeza yake ni kwamba mkutano usiitwe saa ambayo wahusika wako kazini. Bodaboda hawezi kuketi saa nne ya asubuhi akisikiliza hotuba, kwa sababu hesabu ya jioni haina likizo. Afuatwe kijiweni. Na kijiweni wasisikilizwe viongozi wa kijiwe peke yao, kwa maana mara nyingi kiongozi ana pikipiki yake, na anayeendesha ya mwingine ana shida tofauti.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma habari ya wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani, waliokuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wale Thenashara hawakujifungia kutengeneza orodha mpya ya wajane. Waliita mkutano, wakawaambia wanafunzi wachague wenyewe watu saba wa kusimamia mgawo. Na majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Wafafanuzi wengi wanaona hapo kwamba kazi ya kugawa ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Ni hatua kubwa kuliko kusikiliza malalamiko. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba katika majadiliano ya miradi inayogusa mazingira ya watu, wenyeji wana nafasi ya pekee mezani. Anayepewa nafasi mezani huwa amealikwa kabla chakula hakijapakuliwa.

Kwa mfano wa jinsi jambo hili linavyoweza kwenda vizuri, tutazame Ziwa Victoria upande wa Kenya. Huko shirika liitwalo WeTu lina vituo vya sola kando ya ziwa, ambavyo huchaji taa za wavuvi wa dagaa, zile walizokuwa wakiwasha kwa mafuta ya taa, na huchaji pia betri za pikipiki za umeme. Tazameni ilivyo: kituo kimekaa mahali ambapo mvuvi anatia nanga, kikaanza na haja aliyokuwa nayo tayari, pikipiki ikafuata baadaye. Kwetu hakuna ziwa wala dagaa, lakini tuna jua la miezi minane bila wingu la maana, tuna minada, na tuna mashine za kusaga.

Upo pia mfano wa kututahadharisha, nao umetoka mbali. Marekani kwa sheria ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa ajili ya vituo vya kuchajia kando ya barabara zake kuu, na majimbo yalitakiwa kuwashirikisha watu wa vijijini na jamii zilizoachwa nyuma. Februari 2025 serikali mpya ilisimamisha mpango huo, na uliporudishwa Agosti ya mwaka huo, masharti mengi ya kushirikisha jamii yalikuwa yameondolewa. Haki ya kuulizwa iliyoandikwa na ofisi moja ilifutwa na ofisi iliyofuata. Ndiyo sababu sipendi tungoje mwongozo kutoka juu ndipo tuanze kusema.

Nasi Wakristo wa parokia hatuanzi mikono mitupu. Jumuiya zetu ndogo ndogo hukutana kila juma majumbani, katika mitaa ile ile ambayo ramani haiijui vizuri, na humo mna mwenye bajaji, mna mjane, mna mpangaji na mwenye nyumba. Pale wanajumuiya wanapomaliza sala na michango, robo saa yatosha kuuliza: katika mtaa wetu vyombo vinalala wapi, vinapita wapi, LUKU zikoje, ni wapi penye usalama usiku? Majibu yaandikwe. Na tuwaulize pia jirani zetu Waanglikana na Waislamu, maana betri haina dhehebu. Wapo walionidokeza kwamba baadhi ya vigango vyetu viko kando ya njia, vina uzio na vina mlinzi, hivyo vingefaa kuwa na kituo cha sola. Yawezekana. Lakini isije ikawa sisi tunaodai kuulizwa ndio tunaoamua bila kuuliza; kigango ni cha waamini, nao wakitaka kiwanja kile kiwe cha shule ya awali, basi kituo kitafute mahali pengine.

Baada ya hapo jambo hili lina njia yake ya kiserikali, nayo haihitaji fedha. Mwananchi anaweza kumwomba mwenyekiti wa mtaa aliweke kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa. Muhtasari huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani hulifikisha kwenye vikao vya jiji au vya halmashauri, iwe Chamwino, Bahi, Kongwa au kwingineko. Waombeni muhtasari uandike mambo mahususi: jina la kijiwe, uniti 75, nyumba yenye wapangaji sita, makreti ya zabibu. Muhtasari unaosema tu kwamba "wananchi wanaomba huduma" hausomwi na mtu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi, na Bunge la bajeti huketi hapa hapa kwetu Dodoma kuanzia Aprili, wakati halmashauri zimeshamaliza makadirio yao. Mkutano wa mtaa unaotaka kuingia katika hesabu za mwaka ujao ni vema uwe umefanyika kabla ya Noeli.

Nawatakieni Dominika njema.